Kupanga na kumiliki nyumba Arusha: tunayoyaamini na yalivyo

Dhana: Wazee wetu walijenga, vijana wa leo wanachezea hela kwenye kodi.

Maneno haya yanawaonea vijana. Mjini hapa wazee wengi nao walianzia chumba cha kupanga, na wapo waliostaafu wakiwa bado wapangaji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ilidhibitiwa kisheria, kwa hiyo aliyepata nyumba hakuwa na haraka ya kuhama.

Dhana: Mwenye nyumba haruhusiwi kudai kodi ya miezi sita.

Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Tangu hapo mnabanwa na mkataba wenu. Chukua chumba masta cha 80,000 pale Sakina: miezi sita ni 480,000, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Mtu anatoa 560,000 kwa mkupuo kabla hajanunua hata godoro. Hela hiyo ingeweza kuanzisha msingi.

Dhana: Anayejenga amekopa benki.

Wachache sana. Mikopo yote ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wengi wanajenga kwa mshahara, biashara na vikoba: mwaka huu msingi, mwakani boma, bati likipatikana wanahamia chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa mabati, plasta na dari baadaye. Ndiyo maana utamkuta mtu amepanga Kaloleni miaka mingi huku ana boma lake Muriet. Huyo hajashindwa maisha. Yuko katikati ya ujenzi.

Dhana: Karatasi yenye muhuri wa mtaa ni hati.

Hiyo ni ushahidi wa mauziano tu. Hati inatoka kwa Kamishna wa Ardhi, nayo haizidi miaka 99, maana ardhi yote ni ya umma. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla hujalipa.

Dhana: Makato ya kodi ya majengo kwenye LUKU ni ya mpangaji.

Yalianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yakapanda hadi 1,500 Julai 2023. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Andikeni kwenye mkataba kwamba yatapunguzwa kwenye pango.