Je, wajua kwa nini siku ya pili ya uumbaji haikuitwa njema?

Ukiisoma sura ya kwanza ya Mwanzo harakaharaka, unaweza kuapa kwamba kila siku Mungu aliitazama kazi yake akaona ya kuwa ni vyema. Rudi uhesabu. Sifa hiyo imetajwa mara 7, lakini siku ya pili haimo kabisa. Siku ya tatu imepewa mbili.

Kazi ya siku ya pili ilikuwa maji. Haya yapo tangu mstari wa 2, kabla hata ya nuru: giza juu ya vilindi, na Roho ya Mungu juu ya uso wa maji. Siku ya pili anga linawekwa katikati, maji mengine yakabaki juu, mengine chini. Na yale ya juu yanachukuliwa kwa uzito wake. Zaburi ya 148 inayaamuru yamsifu Bwana, na siku za Nuhu "madirisha ya mbinguni" yanafunguka huku chemchemi za vilindi zikibubujika. Gharika, kwa maneno mengine, ni kazi ya siku ya pili ikifumuliwa.

Lakini jioni ilipoingia, maji ya chini yalikuwa bado yametanda kote. Hapakuwa na ufuo wala udongo wa mbegu kushika mzizi. Hapo ndipo Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Ufaransa (1040–1105), alipopata jibu: kazi ya maji ilikuwa haijaisha, na kazi isiyoisha haisifiwi. Siku ya tatu maji yanakusanyika, pakavu panaonekana, ndipo sifa inatoka katika mstari wa 10. Nchi inatoa majani na miti ya matunda, inatoka tena katika mstari wa 12.

Marabi wa kale walikuwa na jibu jingine pia, kwamba siku hiyo ilileta utengano. Mimi halinishawishi sana, maana siku ya kwanza nayo nuru ilitengwa na giza, na nuru iliitwa njema. Watafsiri wa Septuaginta, Agano la Kale la Kigiriki, hawakuliacha pengo hilo: mstari wao wa 8 unayo sifa.

Wayahudi wengi hadi leo hupenda kufunga ndoa Jumanne, siku ya tatu ukianzia Jumapili, kwa kuwa ilisifiwa mara mbili.