Je, wajua kwa nini kurudishiwa pesa hakukutosha kuuza redio za dijitali?

Mapema mwaka 2013, televisheni nyingi za Dodoma mjini ziliishia kuonyesha chenga. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na Dodoma ikawa miongoni mwa miji iliyofuata. Watu walinung'unika, wakahesabu hela, wakanunua king'amuzi. Mtaani kwetu sijui hata mmoja aliyefidiwa gharama hiyo.

Redio haikuguswa. Ile iliyokuwa jikoni ikinguruma TBC Taifa na Radio Mwangaza kabla ya king'amuzi iliendelea kunguruma baada yake, na hadi leo inanguruma. Wengi wetu hatujawahi hata kujiuliza kama redio nayo ina dijitali yake. Inayo, na ni ya zamani kuliko king'amuzi. Tena huko Marekani, wenye biashara walifika mahali pa kumrudishia mteja sehemu ya pesa yake ili mradi ainunue, na bado ilidoda madukani kwa miaka.

Kwanza tuielewe yenyewe. Ulaya walianza mradi wa Eureka 147 mwaka 1987, nao ukazaa mfumo wa DAB. Hapo mtambo mmoja hubeba vituo vingi kwa pamoja, na redio hulijua jina la kituo bila wewe kuzungusha kitufe kutafuta masafa. BBC ilianza kurusha kwa mfumo huo mwaka 1995. Marekani walishika njia nyingine. Mwaka 2002 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, iliidhinisha mfumo wa kampuni ya iBiquity uliokuja kuitwa HD Radio. Kituo cha FM kinabaki kwenye masafa yake yale yale, kisha sauti ya dijitali inachomekwa pembeni mwa ile ya kawaida. Mwenye redio ya zamani anasikia kama zamani, mwenye mpya anasikia iliyo safi zaidi pamoja na vituo vya ziada. Hakuna aliyezimiwa chochote, na shida yote ilianzia hapo.

Redio za HD zilianza kuuzwa mwaka 2004. Mojawapo ya zile za mezani za mwanzo, ya Boston Acoustics, ilikuwa karibu dola 300, wakati redio ya FM ya kawaida ungeipata kwa dola 20 au chini ya hapo. Mwishoni mwa 2005 makampuni makubwa ya utangazaji yaliungana kuipigia debe kwa matangazo kwenye vituo vyao wenyewe. Punguzo la kurudishiwa pesa likafuata.

Hili punguzo linahitaji maelezo, kwa sababu kwetu halipo. Pale Majengo ukitaka bei ishuke unapatana na muuza duka, mnavutana, anashusha, unalipa, mmemalizana. Kule mteja analipa bei nzima. Akifika nyumbani anakata kipande cha boksi chenye barkodi, anajaza fomu, anaambatanisha risiti na kutuma kwa posta. Baada ya wiki kadhaa, pengine miezi, analetewa hundi ya makumi ya dola.

Kwa nini wasishushe bei tu? Kiwanda kikishusha bei kwa duka, hakina hakika kwamba mwenye duka ataishusha kwa mteja. Anaweza kuila yeye ile tofauti. Hundi inayotoka kiwandani hadi mkononi mwa mnunuzi inamruka huyo wa katikati. Pia bei ikishashuka, kuipandisha tena ni ugomvi, ilhali punguzo lina tarehe ya mwisho na linaondoka kimya kimya. Kisha kuna sababu ambayo matangazo hayaisemi: wanunuzi wengi hawatumi ile bahasha. Wanapoteza risiti, wanatupa boksi, wanapitwa na tarehe. Kwenye tangazo bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ile iliyokwisha kupunguzwa, na kwa hao waliosahau kampuni haitoi chochote. Mimi hili naliona ni dhuluma kwa mtu mwenye shughuli nyingi au asiyezoea fomu. Na aliye na kipato kidogo halimsaidii hata akiwa makini, maana dola 300 za kutangulia ndizo hasa asizokuwa nazo.

Tuseme basi bahasha imetumwa na hundi imefika. Bado redio ile ilikuwa na kazi ngumu.

Ilishindana na redio ambayo haifi. Televisheni ikiwa dijitali unaona kwa macho, picha inang'aa. Redio ya FM kwa taarifa ya habari au mechi ilikuwa tayari inatosha, na nyumba moja huwa na redio tatu nne, ya jikoni, ya chumbani, ya kwenye gari. Punguzo linagusa moja tu.

Nguvu ya mawimbi nayo ilikuwa ndogo. Ili isivuruge vituo jirani, sehemu ya dijitali iliruhusiwa asilimia 1 tu ya nguvu ya FM inayoibeba. Mwaka 2010 FCC ikaruhusu kupanda hadi asilimia 10 kwa masharti. Kabla ya hapo mtu aliyeweka redio yake ndani ya jengo la zege mara nyingi ilirudi yenyewe kwenye FM. Isitoshe, FM ikizidiwa hukwaruza taratibu nawe unaendelea kusikia. Dijitali ikizidiwa hukatika, kimya kabisa. Anayeishi nyuma ya majabali yetu ya Dodoma aliwahi kuliona jambo hili kwenye king'amuzi, picha ikiganda katikati ya sentensi.

Lakini kwangu mimi kikwazo kikubwa kuliko vyote ni umeme. Kuigeuza dijitali kuwa sauti kunahitaji chipu inayofanya hesabu bila kupumzika, na chipu za mwanzo zilikula moto sana. Ndiyo maana redio ya HD ya kutia mfukoni ilichelewa hadi 2009, maduka ya Best Buy ya Marekani yalipotoa iliyoitwa Insignia kwa takriban dola 50.

Mwaka jana nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme huku mjini, akaingia mzee mmoja kutoka Chamwino anatafuta redio. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza kwa kijana wa dukani halikuwa bei. "Hii inakula mawe mangapi?" Kwa wazee wetu betri za redio ni mawe, na waliokulia vijijini wanakumbuka jinsi yalivyoanikwa juani ili yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya saa mbili usiku. Redio unainunua mara moja, mawe unayanunua maisha yote. Punguzo la dukani halifiki huko.

Uingereza mambo yalikwenda vizuri zaidi, ingawa polepole. Mwaka 2002 ilitoka Pure Evoke-1 kwa pauni 99, redio ya kubebeka ya kwanza ya DAB chini ya pauni 100, na watu wakaigombania. Mwaka 2010 wakaja na mpango mwingine: peleka redio yako kuukuu dukani, upunguziwe bei ya redio ya dijitali hapo hapo kaunta. Huo naupenda, hauna bahasha wala kusubiri. Tena zile kuukuu zilizokuwa bado nzima zilikusudiwa kuletwa huku Afrika. Hata hivyo ilikuwa hadi 2018 ndipo usikilizaji wa dijitali, ukijumlisha wa intaneti na televisheni, ulipovuka nusu. FM yao haijazimwa.

Norway hawakubembeleza. Walianza kuzima FM ya vituo vya kitaifa Januari 2017 katika jimbo la Nordland, na kufikia Desemba walikuwa wamemaliza nchi nzima, wakiviachia FM vituo vingi vidogo vya mitaa. Watu walilalamika na wakanunua, kama sisi na king'amuzi. Njia nyingine iliyofanya kazi ni gari: Umoja wa Ulaya unataka magari mapya yenye redio, tangu Desemba 2020, yaje na uwezo wa kupokea dijitali. Mnunuzi hatoi hela ya redio peke yake, inakuja na gari, na umeme unatoka kwenye betri ya gari. Marekani nako, HD ilipata makazi yake kwenye magari kuliko mezani.

Ruzuku ya pesa iliwahi kufanya kazi vizuri pale ilipofungwa na tarehe ya kuzima. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kutoa kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila kaya, kununulia ving'amuzi vya televisheni. Kuponi inapunguza bei kabla hujalipa, na kila mtu alijua analojia inazimwa. Ziligombaniwa hadi Januari 2009 fedha zikakwama, watu wakawekwa kwenye foleni, na siku ya kuzima ikasogezwa kutoka Februari 17 hadi Juni 12.

Yule mzee alipewa redio ndogo yenye FM, tochi, sehemu ya memori kadi na kipande cha sola mgongoni, kwa shilingi 25,000. Aliigeuza, akaichungulia ile sola, akauliza kama inachaji hata kukiwa na mawingu. Kijana akamjibu kwa ukweli kwamba inachaji, ila polepole. Wakapatana, ikashuka hadi 22,000, akaifungia kwenye shuka lake na kwenda kutafuta gari la kurudi.