Vitabu Vitatu Si Kiingilio

Juzi nimeletewa tena ujumbe uleule. Kijana wa Langoni, hapa Lamu, mwenye hamu pamoja na wenzake wanne ya kucheza Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani ambapo mwendeshaji mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika, na dadu zinaamua matokeo, ananiandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimebakisha elfu sita tu nikamilishe pesa za vile vitabu vitatu vya D&D. Vikifika tutaanza, inshallah mwakani." Mwakani! Watu watano wako tayari usiku huu, baraza ipo, dadu ziko katika kila duka linalouza ludo, halafu mchezo unangoja mzigo kutoka ng'ambo. Maneno haya nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa walimu wao, hadi kwa wazazi wanaotafuta zawadi ya Idi, na nimechoka kumjibu kila mmoja kwa simu.

Hesabu kwanza, tuimalize. Player's Handbook, Dungeon Master's Guide na Monster Manual huuzwa Marekani kwa kama dola 50 kila kimoja. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 6,500 kwa kitabu na 19,500 kwa vyote vitatu, na bado hujalipia usafiri wa mzigo mzito kama huo mpaka Lamu. Na huhitaji hata kimoja. Januari 2023, baada ya wachezaji na wachapishaji wadogo kuja juu kwa sababu ya mpango wa kubadilisha leseni, Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha D&D, iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano, katika hati iitwayo SRD 5.1, chini ya leseni huria ya Creative Commons. Unazipakua bure na kuzitumia kwa halali. Kanuni za Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, nazo ziko wazi kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Basi yeyote anayewaambia vijana kwamba mchezo huu ni wa wenye pesa, hajatafuta.

Lakini ukishamwambia mtu kwamba kanuni zipo bure, anaona kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapochoka kweli. SRD 5.1 ni kurasa takriban 400. Ukizichapisha kwa shilingi 10 ukurasa, umetumia 4,000 na hujasoma neno. Isitoshe, ile ni rejea ya mtu anayeujua mchezo tayari. Haimshiki mgeni mkono. Mfumo wa kanuni una bei ya pili ambayo haiandikwi kwenye jalada, nayo ni saa za yule atakayeusoma kwa niaba ya wenzake. Wanne wanakuja mezani wakiwa na penseli. Mmoja amekesha wiki mbili. Akichoka yeye, kundi limevunjika, na watu watasema mchezo ulikuwa mgumu.

Wengine wakisikia hivyo wanarukia upande wa pili: basi tuchukue mchezo wa ukurasa mmoja! Lasers & Feelings wa John Harper naupenda sana. Unachagua nambari moja kuanzia 2 hadi 5. Kazi za akili na mitambo unataka dadu iwe chini ya nambari hiyo, kazi za moyo na maneno unataka iwe juu yake. Dakika tano, kila mtu ana mhusika. Mchezaji hapati taabu yoyote. Taabu yote inamwendea mwendeshaji. Mchezaji anataka kumhonga mlinzi, mlinzi anakataa, mchezaji anaangua kilio mlangoni: ukurasa ule haukwambii mlinzi ana msimamo kiasi gani, wala jeraha linamfanya nini mtu, wala adui anashindwa lini. Yote yatoke kichwani mwako, papo hapo, watu wanne wakikutazama. Aliyelelewa na bibi mwenye ngano, anayejua kudaka neno la mtu na kuliendeleza, ataufurahia mno. Aliyezoea mtihani wenye jibu moja sahihi atanyamaza, na kimya kikizidi simu zinaanza kutoka mifukoni. Kwa huyu wa pili, kanuni za kurasa 20 ni nyepesi kuliko za ukurasa mmoja. Ufupi wa kanuni na urahisi wa kuendesha ni mambo mawili, na natamani watu waache kuyachanganya.

Kwa hiyo nikiombwa ushauri nauliza kwanza nani ataendesha, na dadu ikimkatalia mchezaji, mwendeshaji huyo atasema nini.

Chukua tukio ambalo kwetu hurudi mara kwa mara. Mashua imebeba boriti na magunia ya ng'onda, inapita mkondo wa Mkanda, na maji yameanza kupwa. Nahodha anataka avuke kabla chombo hakijakalia matope. Kwa D&D, tuseme anaongeza 5 kwenye dadu na jumla inatakiwa kufikia 15: dadu ya pande 20 ikisoma 10 au zaidi amepita, nafasi ya asilimia 55. Asilimia 45 zilizobaki, amekwama. Mwendeshaji mzoefu anajua la kufanya na kukwama huko. Mgeni anasema tu "mmekwama", kisha anatafuta kwenye karatasi zake neno la kufuata.

Sasa pitisha mashua ileile kwa mifumo iliyozaliwa na mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010. Dadu mbili za kawaida, jumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 6 au chini, mwendeshaji anasema mambo yameharibikaje. Ukipata 7 hadi 9, umefanikiwa lakini utalipa kitu. Bila nyongeza ya uwezo wa mhusika, nafasi ya kufanikiwa kamili ni 6 kati ya 36, ya kulipa 15, ya kuharibikiwa 15. Ukiwa na nyongeza ya 1 zinakuwa 10, 16 na 10. Tazama lile fungu la katikati: hakuna linalokuja mara nyingi kuliko hilo, na ndilo linalomwambia mwendeshaji mgeni swali la kuuliza. Nahodha wetu alitupa 8. Nikamwambia, "Mtapita, ila chombo kizito. Boriti au ng'onda?" Mwenye boriti akaapa haitupwi hata moja. Mwenye ng'onda akauliza watafika Pate na nini mkononi. Binti aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema yeye anashuka, ataisukuma mashua kwenye matope, na wote wakamgeukia. Robo saa ikapita na sikufungua kitabu.

Na hakuna aliyehitaji kuelezwa maji kupwa ni nini. Hilo nalo linaokoa pesa. Watu wananunua vitabu vya falme za theluji ambazo lazima wazisome kabla ya kucheza, na ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa tangu karne ya 17. Kila mtoto wa hapa ana la kusema kuhusu nani anaishi mle usiku. Anza hapo. Ukitaka majoka baadaye, yatakuja.

Dadu zenyewe zisikusumbue. Za pande sita zinatoka kwenye ludo. Ya pande 20 iko kwenye simu, ila mimi sipendi simu mezani, kwa hiyo natumia karata: ree hadi kumi za kopa na ree hadi kumi za shupaza. Kopa isome ilivyo, shupaza ongeza 10. Rudisha karata na uchanganye upya kila mara, maana ukiacha zilizotoka pembeni nafasi zimebadilika na mjanja atahesabu. Kwa pande nane, ree hadi nane za aina moja. Kwa pande nne, dadu ya ludo, na 5 au 6 ikitoka tupa tena.

Kwa kundi linalotaka mapango, hazina na hatari, huwa nawapa mchezo wa Cairn wa Yochai Gal, uliotoka 2020 na hupatikana bure. Sifa tatu tu. Unatupa dadu ya pande 20 na kutaka iwe sawa na sifa yako au chini yake. Kwenye pigano hakuna kutupa dadu kuona kama umempata adui; umempata, tupa dadu ya silaha, na kwenye nambari hiyo toa kinga yake. Mzigo wako una nafasi kumi, ukizijaza zote uwezo wako wa kuepa majeraha unashuka hadi sifuri, na wachezaji wanaanza kubishana kuhusu kamba na mienge badala ya takwimu. Leseni yake inaruhusu kutafsiri na kugawa, sharti umtaje mwandishi na tafsiri yako ibaki chini ya leseni ileile. Sisi tumegeuza kwa Kiswahili kurasa za wachezaji, na mabadiliko nimeyaona waziwazi: kanuni zikiwa za Kiingereza, anayekijua zaidi ndiye anakuwa bwana wa meza, hata kama si yeye mwenye mawazo. Zikiwa za Kiswahili, kila mtu anabisha. Kazi hiyo ya kutafsiri, jioni chache na chai, imetufaa kuliko kitabu chochote tungeagiza.

D&D yenyewe siipingi. Anayetaka kucheza kwa intaneti na watu wa mbali atapata meza nyingi za toleo la tano kuliko za mfumo mwingine wowote, na mafunzo ya video ni tele. Huyo na aisome, hata hizo kurasa 400.

Kuna mawili ambayo bado yananisumbua. La kwanza, sijaridhika kwamba anayeanza na mfumo mwepesi huvuka kwenda mzito bila maumivu; nimeona wengine wakifika D&D wanaudhika kwa nini kila kitu kina orodha, wanaacha. Huenda wangeanza nayo wangeizoea. La pili ni Cairn na watoto. Mfumo ule unaua upesi, na umeundwa hivyo makusudi ili watu wafikiri kabla ya kuchomoa panga. Mtu mzima anacheka, anaunda mhusika mwingine kwa dakika tatu. Mtoto aliyempa mhusika wake jina la babu yake halichukulii hivyo. Kwa sasa, meza ikiwa na walio chini ya miaka 12, mhusika aliyepaswa kufa anatekwa, na wenzake wana mpaka maji yajae kumkomboa. Walio wakubwa nawaachia kanuni ilivyo.