Kinjeketile hakufia maji

Hapa Lindi, ambako mwaka 1905 watu wa Nandete, Kilwa, waling'oa miche ya pamba ya Wajerumani na kuanzisha Vita vya Maji Maji, bado wapo wanaoamini kwamba Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ni mganga aliyekufa akitetea nguvu za maji, dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi. Sivyo.

Katika kitabu hicho cha mwaka 1969, yeye ndiye anayeanza kuyatilia shaka. Anagundua kuwa maneno aliyoyatamka alipopandwa na pepo Hongo yanawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kubadilisha bwana kwa bwana. Anawaomba wasubiri, lakini wapiganaji hawamsikilizi tena. Kuwakabili watu wako waliokwishaamini ni kazi ngumu, na kwangu huo ndio ushujaa wake wa kwanza.

Mwishoni, gerezani, Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, anamsihi akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kukiri huko kutageuzwa, na watoto wataambiwa kuwa babu zao walikosea kupigania haki yao.

Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro Agosti 1905, na Hussein mwenyewe aliwatenganisha wawili hao.