Mashine unayo, stripu je?

Swali ninaloulizwa sana hapa dirishani (mi mfamasia, niko Dodoma mjini) ni hili: eti bima inatoa mashine ya kupimia sukari? Na mi nauliza, haya, na stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu unavyochomeka kwenye mashine?

Maana mashine sio shida jamani, inanunuliwa mara moja, mtoto yuko Dar anamtumia mama yake kwa basi, imeisha hiyo. Kinachokula hela ni stripu. Mtu wa insulini akipima mara tatu kwa siku anamaliza 90 kwa mwezi na kopo lina 50, hapo sijagusa sindano za kutobolea kidole.

Ukitobolewa kidole hospitali hicho ni kipimo, kina bei yake kwenye orodha na kadi inasoma. Ila stripu za kubeba nyumbani ni habari nyingine, kuna vifurushi vinazitoa kwa idadi na kuna vingine hata hazijatajwa. Ndo maana ukiuliza tu "mnatibu kisukari?" utaambiwa ndiyo na utaondoka unachekelea. Uliza hivi: stripu ngapi kwa mwezi, za mashine gani, nachukulia wapi. Wenzetu Marekani, Medicare yao, bima ya serikali ya wazee, imeandika kabisa, anayetumia insulini stripu 300 kwa miezi mitatu, asiyetumia 100. Namba kama hiyo ndo uitafute kwenye kitabu chako cha mafao.

Kuna mzee alitoka Bahi na kadi mkononi, mashine kaletewa na mjukuu, stripu zimeisha akanunua za kampuni nyingine kwa sababu ni bei rahisi, mashine ikagoma. "Mwanangu, si zote za sukari?" Hapana mzee wangu, kila mashine na stripu zake. Iliniuma, hela ya mahindi ile.

Kama bima yako ya kazini inarudisha hela, omba kibali kabla hujanunua, daktari aandike unatumia insulini na unapima mara ngapi, sio kuandika "glukomita" (ndo hiyo mashine) basi, halafu dai risiti ya EFD.

Na kopo usiliache kwenye gari, stripu nyingi mwisho wake joto la nyuzi 30 na jua letu la Oktoba mnalijua, zikiharibika zinakupa majibu ya uongo na bima haikupi kopo jingine mpaka mwezi ugeuke.