Mwenye kichwa cha mbweha si mla roho

Duka moja Mkunazini limetundika picha ya Misri ya kale: mtu mwenye kichwa cheusi cha mbweha kapiga magoti chini ya mizani. Barazani nasikia, "Huyo ndiye shetani wao, anangoja kula roho." Sivyo, na yanisikitisha, maana kazi yake ni kinyume kabisa.

Huyo ni Anubis, mungu wa Wamisri wa kale aliyewaongoza wafu. Itazame karatasi ya mafunjo ya Hunefer, karani wa kifalme, ya karibu 1275 K.K., iliyopo British Museum, London. Kushoto Anubis kamshika marehemu mkono, kama umpelekavyo mgeni asiyejua njia. Kisha yeye huyohuyo aituliza mizani: kitanga kimoja kina moyo, uliochorwa kama kijungu kidogo, cha pili kina unyoya wa Maat, yaani haki. Thoth, mungu wa maandishi mwenye kichwa cha kwarara, anaandika matokeo.

Mlaji ni Ammit, aliye kando ya mizani: kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko. Naye huula moyo uliolemewa na maovu. Wa Hunefer ulisalimika. Mbele kidogo mungu Horus anamwongoza kwa Osiris, mfalme wa wafu.