Kliniki za wasichana Uganda: yale watu wanasema na ukweli wenyewe

Huku Busia, upande wa Uganda, msichana wa miaka 16 akionekana tu kwenye benchi la kituo cha afya, habari inamfikia mama yake sokoni kabla hata hajaitwa ndani, na kila mtu keshaamua kwamba ana mimba. Kumbe pengine hedhi inamuumiza mpaka anakosa shule. Nesi yupo, dawa zipo, lakini msichana anaogopa macho ya watu anarudi nyumbani na ugonjwa wake, na hiyo inaniuma sana, ndo maana naandika haya.

"Hizo huduma za vijana zinafundisha watoto umalaya"

Hii naisikia kwa wazazi, msikitini, kanisani, hata kwa walimu. Jamani tuangalie mambo yalivyo. Utafiti wa afya wa taifa wa 2016 ulikuta karibu robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 washazaa au wana mimba, na ule wa 2022 ukakuta karibu vilevile. Mwaka huohuo wa 2016 ndo serikali ilipiga marufuku elimu ya ujinsia mashuleni, sasa hao wasichana nani aliwafundisha? Alafu ikaja korona, shule zikafungwa toka Machi 2020 mpaka Januari 2022, ukitoa madarasa machache yaliyofunguliwa kwa muda, watoto wakakaa nyumbani bila mwalimu bila kona ya vijana, yaani ile sehemu ya kituo cha afya iliyotengwa kwa ajili ya vijana, na tuliona wenyewe mimba zilivyojaa kila wilaya.

Wengine wanasema hiyo ni kazi ya senga, yaani shangazi anayewafunda wasichana. Sikatai, watu wa Buganda wana senga na sisi wengine tuna shangazi na bibi, na maneno yao yana thamani, lakini senga hawezi kupima kisonono, na siku hizi wasichana wengi wanaishi chumba cha kupanga mjini, senga yuko mbali kijijini. Kwenye kona ya vijana msichana anapata ushauri wa hedhi, kupimwa HIV na magonjwa ya zinaa, kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, na mtu wa kumsikiliza kama ameumizwa. Si jambo geni hata, kile kituo cha vijana cha Naguru pale Kampala kilianza 1994.

"Sindano na vijiti vinaua kizazi"

Hapa, kwenye sindano na vijiti vya mkononi vya kuzuia mimba, nataka nikae kidogo manake uoga huu ndo mkubwa kuliko wote. Msichana akichoma sindano ya Depo hedhi inaweza kuvurugika au kukatika kabisa, basi majirani wanasema damu inajaa tumboni, inaganda, hutazaa tena. Hakuna damu inayojaa popote. Dawa inafanya ule utando wa ndani ya mji wa mimba uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna kingi cha kutoka. Ukweli ni kwamba baada ya kuacha Depo uwezo wa kushika mimba unachelewa kurudi, miezi kadhaa, kwa wengine hata mwaka, na nesi anatakiwa akuambie hilo kabla hajakuchoma, sio baadaye. Vijiti vikitolewa unarudi haraka, vidonge pia.

Kinachoharibu kizazi kweli ni kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, na hizo kwa msichana mara nyingi hazionyeshi dalili yoyote, anajiona mzima huku mirija ya uzazi inaharibika taratibu. Na utoaji mimba wa kificho. Na kujifungua mtoto akiwa mtoto, nyonga haijakomaa, uchungu unakwama siku nzima na zaidi, anatoka na fistula, mkojo unamvuja na mume kama alikuwepo kakimbia. Kwa hiyo yule anayemzuia binti kwenda kliniki ili "kulinda kizazi" anamsogeza karibu na hatari yenyewe.

Tena Depo na vijiti havizuii HIV. Kondomu bado inahitajika.

"Bila mzazi hawakupimi"

Kwa kipimo cha HIV, Uganda kuanzia miaka 12 unaweza kukubali mwenyewe. Na majibu yako ni yako, nesi haruhusiwi kuyapeleka sokoni. Najua wapo manesi wanaogomba, wanaita kwa sauti "wewe wa mimba njoo hapa" foleni nzima inageuka, na mimi nasema wazi huo ni ubaya, hata dawa ziwe bure huyo msichana harudi tena na atawaambia wenzake kumi. Huduma rafiki kwa vijana maana yake ni hii hasa, mlango unaofungwa, masaa ya baada ya shule au Jumamosi, na mtu asiyekuhukumu.

"Ukienda na mimba uko chini ya 18 utafungwa"

Hapana, sheria inamtafuta aliyekufanyia, wewe una haki ya kutibiwa. Na kama umebakwa usioge ukakaa nyumbani ukilia peke yako, kimbia hospitali siku hiyohiyo, dawa ya kuzuia HIV inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, ya kuzuia mimba ndani ya siku 5 lakini kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Usisubiri fomu ya polisi ndo utibiwe, fomu itajazwa. Simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure.

"Chanjo ya mashuleni ni ya kuwafanya wasizae"

Ile ni ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi, kansa inayowapata wanawake wa Uganda kuliko zote. Nchi nzima inatolewa bure kwa wasichana wa miaka 10 tangu 2015. Haigusi uzazi.

"Ukizaa shule imeisha"

Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu msichana arudi shule baada ya kujifungua, mtoto akifika miezi 6. Mwalimu mkuu akikataa, mzazi aende ofisi ya elimu ya wilaya na aseme anataka mwongozo huo ufuatwe.

Kituo cha serikali hakilipishi kumwona nesi, ada hiyo ilifutwa 2001. Muulize VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu, kona ya vijana inafunguliwa siku gani, na kama unaogopa kuonekana nenda kituo cha mji mwingine, Tororo si mbali, hakuna anayekukatalia kwa sababu hukutoka pale.